Kindle kwa msomaji wa Kiswahili: uzoefu wangu Mombasa

Kama unasoma riwaya za Kiingereza kwa wingi na unaishi mbali na maduka makubwa ya vitabu, nunua Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kidijitali, utaifurahia. Kama kusoma kwako ni kwa Kiswahili zaidi, usitoe pesa kabla hujamaliza kusoma haya. Mimi nasoma kwa lugha zote mbili, naishi Mombasa, na nimekaa na kifaa hiki muda wa kutosha kujua kinanifaa wapi na wapi kinaniacha njiani.

Yangu ni ile ya kawaida iliyotoka mwaka 2022: kioo cha inchi sita, nafasi ya GB 16, uzito wa gramu 158. Marekani ilitoka ikiuzwa dola 99.99. Niliagiza kwa binamu yangu aliyekuwa akija likizo, kwa sababu ikishapita mikononi mwa waagizaji bei yake hupanda sana. Ukiwa na ndugu ughaibuni, mwagize yeye.

Kioo ndicho kinachoitofautisha na simu au tableti. Ndani yake mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme ukipita, chembe za rangi moja hupanda na za rangi ya pili hushuka, maandishi yakajipanga, na tangu hapo ukurasa hauli umeme mpaka ufungue mwingine. Teknolojia hiyo, E Ink, ilitoka kwa watafiti wa MIT miaka ya 1990. Faida yake naiona kwenye feri ya Likoni. Saa saba mchana, jua la utosi, watu wamekinga simu kwa viganja ili waone ujumbe, nami nasoma bila taabu, maana kadiri jua linavyowaka ndivyo maandishi yanavyozidi kuonekana. Chaji hukaa kwa wiki kadhaa. Stima zikipotea usiku kifaa kina taa yake ndogo, na chaji ya simu naibakiza kwa mambo mengine.

Lakini aliyenifanya nikipende kifaa hiki kwa dhati ni mama yangu. Macho yalikuwa yamemfikisha mahali pa kuacha vitabu kabisa. Msahafu wa herufi kubwa aliuweza, vitabu vingine hapana. Nilimkuzia maandishi mpaka ukurasa ukabaki na maneno machache tu, nikampa. Alisoma sura ya kwanza akiwa ameketi barazani, kidole kikigusa ukingo wa kioo kila baada ya muda mfupi, na nilipotaka kumwonyesha namna ya kupunguza mwanga akanizuia mkono: “Ngoja mwanangu, hapa nimefika patamu.” Sijawahi kuona riwaya ya Kiswahili iliyochapwa kwa herufi kubwa hapa kwetu, na wazee wangapi wameacha kusoma kwa sababu hiyo tu? Kenya iliridhia Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, mkataba unaoruhusu vitabu vigeuzwe viwafae wasioona bila kungoja idhini ya mwenye hakimiliki. EPUB, aina ya faili ya kitabu ambayo maandishi yake hujipanga upya kufuata kioo, ikitengenezwa vizuri ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kulifanya hilo, maana hukuzwa, husomwa kwa sauti, hugeuzwa hata kuwa nukta nundu. Kwangu mimi hii pekee ingetosha kuwafanya wachapishaji wetu watoe kila kitabu kwa namna mbili, karatasi na EPUB.

Kwenye ushairi hali ni nyingine. Mama anapenda tenzi za Pate na Lamu, zile za karne ya 19 ambazo hazina tena hakimiliki. Nilimpigia chapa mmoja, nikaugeuza kuwa EPUB kwa Calibre, programu ya bure ya kompyuta ambayo kila mwenye Kindle anapaswa kuwa nayo. Vipande vya utenzi vina mizani, yaani silabi, minane minane, kwa hiyo vilikaa vizuri hata herufi zilipokuzwa. Nilipojaribu mashairi ya tarbia mambo yakaharibika. Mshororo una mizani 16, minane ya ukwapi, nusu ya kwanza, na minane ya utao, nusu ya pili, na kioo cha inchi sita chenye herufi kubwa hakiwezi kuubeba wote. Utao unakatika katikati, kipande kinaanguka chini, na vina vya kati, ambavyo jicho limezoea kuvikuta vimepangana kutoka mshororo hadi mshororo, vinatawanyika ukurasa mzima. Mama husoma shairi kwa kuliimba, basi alikuwa akisita kila mshororo.

Dawa yake ni nyepesi: anayeandaa diwani ya kidijitali aweke ukwapi kwenye mstari wake na utao kwenye mstari wake, utao ukiingizwa ndani kidogo. Diwani nyingi nilizozikuta hazikufanyiwa hivyo. Ni PDF ya kitabu cha karatasi, ilivyo, na ukiikuza unalazimika kuusukuma ukurasa kulia na kushoto ili umalize mshororo mmoja. PDF haijipangi upya kulingana na kioo. Mchapishaji anayeuza PDF na kuiita kitabu cha kidijitali hajamsaidia msomaji wa simu wala wa Kindle.

Sasa vitabu vyenyewe. Amazon ilizindua Kindle Novemba 2007, na kupitia huduma yake ya KDP mtu yeyote anaweza kuchapisha kitabu chake mwenyewe. Katika orodha ya lugha ambazo KDP inazipokea, Kiafrikaans kimo. Kiaislandi kimo. Lugha ya Cornwall, inayosemwa na watu wachache sana kule kusini-magharibi mwa Uingereza, imo. Kiswahili, mara ya mwisho nilipoiangalia orodha hiyo, hakimo, ilhali ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika na inasemwa kuanzia Lamu hadi Lubumbashi. Vitabu vya Kiswahili vipo dukani humo, lakini ni vichache ukilinganisha na vilivyojaa rafu za Nairobi na Dar es Salaam. Kamusi nayo haipo: ukiligusa neno la Kiingereza maana inatokea papo hapo, ukiligusa la Kiswahili hupati kitu.

Kuhusu pesa za mwandishi, inafaa msomaji ajue zinavyogawanywa kabla hajalalamikia bei. Tangu 2010 KDP humlipa mwandishi asilimia 70 ya bei, ilmradi kitabu kiuzwe kati ya dola 2.99 na 9.99, na mnunuzi awe katika nchi zilizo kwenye orodha maalumu. Kenya na Tanzania hazimo. Huko nje ya orodha mwandishi hupata asilimia 35. Maana yake, mwandishi wa Mombasa akimuuzia Mkenya aliyeko London kitabu cha dola 3, anapata kama dola 2.10 kabla ya kukatwa gharama ndogo ya kupeleka faili. Akimuuzia jirani yake wa Kisauni anapata dola 1.05. Kitabu kile kile, juhudi ile ile. Hata hivyo asilimia 35 bado inashinda ile 10 au karibu na hapo ambayo waandishi wengi hupewa kwenye kitabu cha karatasi, na ndiyo maana siwalaumu wanaoamua kujichapishia.

Bei kwa msomaji ndiyo iliyonivunja moyo mwanzoni. Nilidhani kitabu kisicho na karatasi, wino, lori wala ghala kingekuwa rahisi. Riwaya mpya ya mchapishaji mkubwa wa Marekani inaweza kuuzwa dola 14.99, karibu shilingi 1,900 za Kenya, wakati mwingine bei ikikaribiana na ya karatasi au kuipita. Sababu yake ina historia. Mwanzoni Amazon iliviuza vitabu vingi vipya kwa dola 9.99, hata kwa hasara, ili watu wanunue Kindle. Apple ilipoleta iPad mwaka 2010, wachapishaji wakubwa walipata nafasi ya kudai kwamba wao ndio wapange bei na muuzaji achukue asilimia 30 yake. Serikali ya Marekani ilizishtaki Apple na kampuni tano za uchapishaji Aprili 2012, jaji Denise Cote akaamua mwaka uliofuata kwamba Apple ilishiriki njama ya kupandisha bei, na mwishowe ikalipa dola milioni 450. Lakini utaratibu wa mchapishaji kujipangia bei ulirudi na umebaki. Kwa hiyo bei ya kitabu kipya inapangwa New York kwa kumfikiria mnunuzi wa huko, na sisi tunaikuta ilivyo.

Hapa kwetu gharama inaongezwa na kodi. Kitabu cha karatasi Kenya kinatozwa VAT ya asilimia 16 tangu sheria ya 2013. Uingereza, ambako kitabu cha karatasi hakikuwa kikitozwa, waliondoa VAT kwenye vitabu vya kidijitali Mei 2020. Nchi yenye maktaba kila mtaa inakisamehe kitabu kodi, yetu inakitoza. Hilo linaniuma kila ninaposhika risiti.

Wachapishaji wetu nao sitawapaka matope. Wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, na tangu 2017 mnunuzi mkubwa wa vitabu hivyo ni serikali yenyewe. Riwaya isipoteuliwa kutahiniwa inauza nakala chache. Ikiteuliwa, PDF yake inazagaa Telegram na WhatsApp kabla muhula haujaisha. Mhariri na mchoraji wa jalada wanataka kulipwa hata kama hakuna karatasi. Naelewa kwa nini wanaogopa. Nisichoelewa ni kwa nini kitabu cha Kiswahili cha kidijitali kinawekewa bei sawa na cha karatasi, au pungufu kidogo tu, kisha ishangaze kwamba hakinunuliwi. Msomaji wa Kenya ana mahali pengine pa kwenda. Nairobi kuna vitabu vya mtumba vilivyotandikwa kando ya barabara, na riwaya nzuri ya Kiingereza unaipata kwa shilingi mia mbili au tatu. Ukishaisoma unampa dada yako, naye anampa rafiki wa kazini, na kitabu kimoja kinazunguka nyumba nyingi kabla hakijararuka. Kitabu cha kidijitali kilichofungwa, yaani kilichowekewa kufuli la kuzuia kunakiliwa, kinasomwa na akaunti moja. Ukizigawanya bei kwa idadi ya wasomaji, cha karatasi mara nyingi kinabaki kuwa rahisi, na hili kwa familia zetu zinazoazimana si jambo dogo.

Pia kuna suala la umiliki, na hapa nina kidonda changu. Nilinunua riwaya kadhaa za Kiswahili kupitia programu moja ya simu ambayo sitaitaja. Zilisomeka ndani ya programu hiyo tu. Baadaye programu ikaacha kufunguka, barua pepe zangu hazikujibiwa, na vitabu nilivyovilipia vikapotea nayo. Moja ya riwaya hizo sijaipata tena popote, wala kwa karatasi. Hayo yalinifanya nichunguze ninachonunua hasa kila ninapobonyeza kitufe. Mwaka 2009 Amazon yenyewe ilivifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokuwa wameshavilipia, kwa kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa na Jeff Bezos akaomba radhi hadharani, lakini ilikwisha kujulikana kwamba inawezekana. Februari 2025 kampuni hiyo iliondoa njia ya kupakua kitabu kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Na tangu Januari 2025 sheria ya jimbo la California inamtaka muuzaji aseme wazi kwamba anachokupa ni leseni, kama ndivyo ilivyo. Wale marafiki zangu walioachiwa makabati ya vitabu na baba zao, sijui watoto wao wataachiwa nini kama kila kitu kiko kwenye akaunti inayofungwa mtu anapofariki. Kwa sababu hiyo kitabu ninachokipenda sana bado nakinunua cha karatasi.

Je, usomaji wangu umebadilika? Sana. Nasoma zaidi, hasa mahali ambapo zamani ningeperuzi simu: matatu, foleni ya benki, hospitalini nikimsubiri mama. Sampuli ya bure ya mwanzo wa kitabu imeniokolea pesa nyingi. Lakini navumilia kidogo kuliko zamani. Kitabu kisiponishika mapema nakiacha, kwa kuwa vingine viko hapo hapo mkononi, na najua kuna vitabu vikubwa ambavyo nisingevimaliza kwa tabia hii.

Nakumbuka pia kwa namna tofauti. Kwenye karatasi nakumbuka jambo lilikuwa ukurasa wa kushoto, chini, karibu na mwisho. Kwenye Kindle kurasa zote ziko mahali pamoja. Anne Mangen wa Chuo Kikuu cha Stavanger, Norway, na wenzake waliwapa watu hadithi moja, wengine kwenye karatasi na wengine kwenye Kindle. Kuielewa waliielewa karibu sawa, ila wa Kindle walishindwa zaidi kuyapanga matukio kwa mfuatano wake. Uchambuzi mwingine uliochapishwa 2018, uliojumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, ulikuta kwamba maandishi ya maarifa hueleweka vizuri zaidi kwenye karatasi, hasa msomaji akiwa na haraka, lakini kwenye hadithi tofauti haikuonekana. Hayo yanalingana kabisa na ninayoyaona kwangu. Riwaya nasoma kwenye Kindle kwa raha. Kitabu cha historia, au chochote nitakachoulizwa baadaye, nakitafuta cha karatasi na kalamu ya risasi mkononi.

Mageuzi makubwa zaidi ya usomaji wa Kiswahili, hata hivyo, hayapo kwenye Kindle. Yapo kwenye simu. Kwa miaka mingi Tanzania watu walifuatilia hadithi za mfululizo magazetini, na magazeti ya Eric Shigongo yalijenga wasomaji wengi kwa njia hiyo. Siku hizi mwandishi anafungua kundi la WhatsApp, anatoa sehemu za mwanzo bure, na mambo yakifika pabaya kwa mhusika anaweka namba ya simu. Anayetaka kuendelea anatuma pesa na kuingizwa kwenye kundi la waliolipa. Nimelipia simulizi kadhaa namna hiyo. Uhariri mara nyingi ni dhaifu, aya zinarukana, majina ya wahusika yanabadilika katikati. Lakini mwandishi anajua usiku huo huo kilichowakera wasomaji, pesa zinamfikia bila kupita kwa mtu wa kati, na bei inalipika na mtu yeyote mwenye simu. Wahariri wetu hodari wangekuwa wanawatafuta waandishi hawa kila siku. Wengine wana kipaji kikubwa na wanakosa tu mtu wa kuwasomea kwa jicho kali kabla hawajatuma.

Kwa aliyeamua kununua Kindle, haya ndiyo ya kumsaidia. Kulipia si tatizo tena: M-PESA GlobalPay, iliyoanza 2022, inakupa kadi ya Visa ya mtandaoni kutoka kwenye simu yako, na Amazon inaipokea. Usichukue nafasi kubwa kuliko GB 16, riwaya ni faili ndogo sana. Chukua jalada, maana kioo hakipendi kukaliwa. Zoea kutumia Calibre mapema na uhifadhi nakala ya kila faili isiyo na kufuli. Tangu 2022 Kindle inapokea EPUB kwa kutumiwa kupitia barua pepe, basi kitabu kisichofungwa unaweza kukinunua popote, hata moja kwa moja kwa mwandishi, na ukakisoma humo dakika hiyo hiyo. Watoto pia wana hazina ya bure: African Storybook ina hadithi fupi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, zenye leseni huria. Picha zake za rangi zinapendeza zaidi kwenye tableti kuliko kwenye kioo hiki cha nyeusi na nyeupe.

Kwa vitabu vya Kiingereza nakipa kifaa hiki alama tisa kwa kumi. Kwa Kiswahili nakipa nne, na tatu kati ya hizo ni za mama. Mchapishaji yeyote wa Nairobi, Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam atakayeniuzia riwaya mpya ya Kiswahili kwa shilingi 250 au 300, EPUB isiyofungwa, nikilipa kwa M-PESA na faili ikija kwa barua pepe, atanipata mteja wa kila mwezi, na mama nitamnunulia nakala yake. Mwenye kumjua anayeuza hivyo tayari anijulishe, orodha ya ninavyovitaka ninayo.